Kidole Kwenye Kitufe

Saa kumi na mbili kasorobo napanda juu ya pipa
kukaza waya wa shaba kwenye mianzi mitatu
tuliyoiunga kwa mpira wa baiskeli.
Marafa bado imejifunika. Makorongo ya Nyari
yanabadili rangi taratibu, kama mtu asiyejua avae nini.
Betri ni ya pikipiki ya Tsuma,
kwa hiyo wiki hii Tsuma anakwenda kwa miguu
na hanisalimii.

"Lango, Lango, hapa Kituo. Wanipata?"
Mkwaruzo. Kisha Kadzo, mdomo umejaa muhogo:
"Nakupata. Ng'ombe wa watu wameingia tena. Ova."
"Kisima?"
"Kamba imekatika, ndoo iko chini. Ova."
"Zahanati?"
"Mmoja tumbo, wawili miiba,
mmoja haumwi, ila anamtaka mamake. Ova."
"Jiko?"
Jiko hujibu likipenda.
Jiko ni Mwaringa, bwana stoo wa bweni miaka ishirini na sita,
sauti kama gunia linaloburutwa sakafuni.
"Nina kazi," asema.
Ova hasemi.

Hapa halipwi mtu. Tunalipana chai.

Usiku, saa mbili, natangaza.
Mtambo wenyewe mdogo, haufiki hata sokoni,
lakini redio kumi na moja zinaning'inia kwenye kamba za mahema
na watoto mia mbili na sita wananyamaza.
Natangaza kandambili moja, ya kushoto, ya bluu,
imeokotwa foleni ya chai; mguu wake ujitokeze.
Kisha: "Kitendawili!"
na "Tega!" inanijia, si kwa waya, kwa upepo,
kutoka hema hadi hema.
"Hana mdomo, umbea wote wake."
Wanacheka. Wameshanijua.

Usiku wa nne, saa tatu na dakika kumi,
njia ikaziba.
Haiti mtu, haitiki mtu,
ni mwiko tu ukikwangua sufuria, na pumzi.
Kitufe kimekwama mfukoni mwa mtu,
na sote wenye redio tukamsikia Mwaringa akihesabu.
"Maharage, madebe mawili na nusu. Leo Jumatano.
Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi…
Haifiki. Haifiki, wewe. Nipunguze wapi?
Changu nimeshatoa tangu juzi."
Kisha akamwambia sijui nani, labda paka:
"Hawa vijana wakijua watafunga kambi.
Kula. Kula kimya."

Toka kwangu hadi jikoni ni hatua themanini,
nilizipima siku ya kuvuta waya.
Ningekimbia.
Nimewafundisha wote: kabla hujabonyeza, sikiliza.
Baada ya kusikia ufanye nini,
hilo sikuwafundisha. Silijui.

Saa tatu na dakika arobaini betri yake ikafa
katikati ya hesabu.
Nikaandika daftarini: *Njia ilizibwa, nusu saa. Sababu: kitufe.*
Kalamu ikataka kuendelea. Nikaifunika.

Asubuhi.
"Lango?"
"Mwenye ng'ombe kaja kuomba radhi.
Nimemwambia hapa radhi tunaipima kwa lita. Ova."
"Kisima?"
"Ndoo tumeitoa. Imejaa viazi. Usiulize. Ova."
"Zahanati?"
"Wakubwa wote leo mchana hatuli,
ni ushauri wa kitabibu. Ova."
Nje, Tsuma apita na nusu gunia la unga kichwani,
vumbi jekundu hadi magotini.
Hanisalimii.

"Jiko?"
Kimya. Kisha:
"Nani ameweka vitu mlangoni mwangu?"
Kambi nzima, vidole mbali na vitufe.
"Kituo. Nauliza."
"Jiko, unakatika," nikasema,
na sauti yake ilikuwa safi kama kengele.
"Rudia baadaye."

Nikamsikia akivuta pumzi,
akiweka kitu kizito chini.
"Ova," akasema.